Mbona Jua Hutangulia Kutua Mogadishu?

Tangu Machi 2007, Uganda ilipoanza kupeleka majeshi yake Somalia, jamaa nyingi za askari zimezoea kungoja simu kutoka Mogadishu wakati wa jioni. Baba huuliza habari za nyumbani, kisha husema kwamba kwake jua limekwisha tua. Mtoto aliyeko Kampala huchungulia nje, akaona jua bado linawaka. Hutazama saa ya ukutani, nayo yaonyesha saa kumi na mbili na robo, sawasawa na saa ya baba. Ndipo humwuliza mama: "Mbona saa ni sawa, lakini jua si sawa?"

Ndugu msomaji, swali hilo ni la busara, wala halifai kunyamazishwa. Mtoto aliyekariri shuleni kwamba dunia huzunguka, lakini asiweze kulieleza jambo hili, bado hajalielewa somo lake.

Dunia hujizungusha kwenye mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki, ikimaliza mzunguko mmoja, yaani nyuzi 360, kwa muda wa saa 24. Kwa hiyo kila saa moja hugeuka nyuzi 15, na kila uzi mmoja huchukua dakika 4. Mahali palipo mashariki ndipo panapotangulia kulipata jua, na ndipo panapotangulia kuliacha.

Kampala na Mogadishu zote ziko karibu na Ikweta, hivyo mchana wa miji yote miwili ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Tofauti iko kwenye longitudo. Kampala iko kwenye nyuzi 32 na nusu mashariki ya Greenwich, na Mogadishu iko kwenye nyuzi 45 na kidogo. Kati yao kuna karibu nyuzi 13. Zidisha kwa dakika 4, utapata kama dakika 50.

Je, mbona saa hazitofautiani? Kwa sababu saa ni mapatano ya wanadamu. Mkutano wa mataifa uliofanyika Washington mwaka 1884 uliichagua Greenwich, karibu na London, kuwa chanzo cha kuhesabia longitudo. Baadaye kila serikali ilijichagulia saa yake. Uganda, Kenya, Tanzania na Somalia hutumia saa moja, iliyo mbele ya Greenwich kwa saa 3. Rwanda imechagua saa 2. Ndiyo maana anayevuka mpaka Katuna kuingia Rwanda hurudisha saa yake nyuma, ingawa jua halikusogea hata kidogo.

Jambo hili lina maana hata katika ibada. Mwezi wa Ramadhani, baba aliyeko Mogadishu hufuturu karibu saa nzima kabla ya watu wa nyumbani kwake Kampala. Hakuna aliyekosea, kila mmoja amelifuata jua la mahali pake.

Wazazi wanaweza kulifundisha jambo hili nyumbani bila gharama. Chomeni chungwa kwa kijiti, mtie alama mbili za wino katikati yake, moja ya Kampala na nyingine, upande wa mashariki, ya Mogadishu. Washeni taa usiku, kisha mlizungushe chungwa polepole kuelekea mashariki. Mtoto ataona mwenyewe ni alama ipi inayotangulia kuingia gizani.

Mchana, simikeni fimbo uani, mpime kivuli chake kuanzia saa sita hadi saa nane. Mjini Kampala kivuli kifupi kabisa hakipatikani saa sita kamili, bali karibu na saa saba. Huo ndio mchana wa kweli wa jua.

Mwisho, mpeni mtoto hesabu hii: Nairobi iko karibu na nyuzi 37. Je, jua huitangulia Kampala huko kwa dakika ngapi? Akijibu kwamba ni zaidi kidogo ya robo saa, amefaulu, na jioni baba akipiga simu, mtoto ndiye atakayemweleza.