Je, Wajua? Daktari Ana Leseni, Lakini Hana Anwani

Je, wajua kwamba kikoa cha .tz, yaani mwisho wa anwani za mtandao za Tanzania, kina matawi yapatayo 12, na hakuna hata moja la daktari wala wakili? Kuna co.tz ya biashara, or.tz ya asasi, ne.tz ya watoa huduma za mtandao, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule, go.tz ya Serikali, mil.tz ya jeshi na me.tz ya mtu binafsi. Ongeza mobi.tz, info.tz, tv.tz na hotel.tz. Hoteli imetengewa mahali pake. Mkunga hajatengewa.

Je, wajua kwamba dunia ilishajaribu kuwapa wataalamu kikoa chao? Tarehe 16 Novemba 2000, ICANN, taasisi inayosimamia majina ya intaneti duniani, ilichagua vikoa vipya saba: .aero, .biz, .coop, .info, .museum, .name na .pro. Hicho cha mwisho kilikusudiwa wenye leseni peke yao. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2002 na usajili ukaanza 2004, kwa madaktari waliopewa med.pro, wanasheria law.pro na wahasibu cpa.pro. Bila leseni hupati jina. Wazo lilikuwa zuri sana, na bado ni zuri.

Kilichokipata kikoa hicho kinastahili kusimuliwa polepole. Mwanzoni kilihudumia nchi chache tu, Marekani ikiwa mbele, kwa hiyo daktari wa Musoma asingeweza kujisajili hata angekuwa na vyeti vyote. Bei ilikuwa juu kuliko ya .com, kwa sababu kukagua leseni ya kila mwombaji ni kazi ya watu na muda. Majina yakauzwa machache. Mwaka 2005 msajili mmoja akagundua njia ya pembeni: anasajili jina kwa sifa zake mwenyewe, kisha anampa mteja yeyote alitumie. Mwaka 2008 milango ikapanuliwa kwa kila taaluma inayotolewa leseni na mamlaka ya nchi yoyote. Novemba 2015 masharti yakaondolewa kabisa. Leo mtu yeyote mwenye kadi ya benki anaweza kununua jina linaloishia na .pro na kujiita daktari bingwa.

Nionavyo mimi, kosa lilikuwa kwenye mkono ulioshika ufunguo. Kampuni iliyopata pesa kwa kila jina lililouzwa ndiyo iliyopewa kazi ya kumkataa asiyestahili. Kila ilipomkataa mtu, ilipunguza mapato yake yenyewe. Katika hali hiyo masharti hayadumu, hata wahusika wangekuwa na nia njema kiasi gani.

Je, wajua kwamba hapa nyumbani tunao ushahidi kwamba kikoa chenye masharti kinaweza kudumu? Ni go.tz. Hakuna duka linalokiuza kwa mpita njia. Kinatolewa kwa taasisi za umma, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ndiyo inayosimamia utaratibu huo. Mkazi wa Mugango, mkoani Mara, akifungua mara.go.tz anajua yuko mkoani kwake. Halmashauri yake iko musomadc.go.tz, majirani wako butiamadc.go.tz na bundadc.go.tz. Akitaka habari za mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, unaoyavuta maji ya Ziwa Victoria kutoka pale pale kijijini kwake, ana mahali pa kuanzia ambapo tapeli hawezi kujisajili. Vivyo hivyo kijana anayeomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama: anwani yake inaishia na ac.tz, na akitumiwa kiungo kinachoishia vingine ana sababu ya kusita kabla ya kulipa ada ya maombi.

Je, wajua namna ya kusoma anwani? Tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata jina, kisha soma kurudi kushoto. Kilicho mwisho kabla ya mkwaju ndicho chenye uzito. Anwani inayoanza na musomadc.go.tz halafu ikaendelea na nukta na jina jingine lenye .com haina uhusiano wowote na halmashauri. Wala “go-tz” yenye kistari si go.tz. Mfundishe hili mama anayeuza dagaa mwaloni, mfundishe na mwanao wa kidato cha nne anayetafuta ajira. Ni somo la dakika mbili.

Na kile kikufuli kilichokuwa juu ya ukurasa? Kilimaanisha kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti ile yamefichwa wasiyaone wengine. Hakikusema lolote kuhusu mwenye tovuti. Tapeli naye hupata kufuli, tena bure. Ndiyo maana mwaka 2023 Google ilikiondoa kikufuli hicho kwenye programu yake ya Chrome, maana watu wengi walikichukulia kuwa alama ya uaminifu.

  

Sasa turudi kwa wataalamu. Je, wajua kwamba kazi ngumu iliyoishinda .pro, ile ya kujua nani ana leseni na nani hana, Tanzania inafanyika kila siku? Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Wahandisi wana bodi yao ya usajili chini ya Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Madaktari na madaktari wa meno wana Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wana baraza lao kwa sheria ya 2010, wafamasia kwa sheria ya 2011, madaktari wa mifugo kwa sheria ya 2003. Wakili huapishwa na Jaji Mkuu, huingizwa kwenye orodha ya mawakili, na lazima ahuishe cheti chake cha kufanyia kazi kila mwaka. Orodha zipo, na walio na mamlaka ya kumfuta mtu wapo.

Kinachokosekana ni daraja kati ya orodha hizo na simu ya mwananchi. Tumesikia mara ngapi kuhusu wakili kishoka aliyekula pesa za kesi ya shamba, au daktari kishoka aliyevaa koti jeupe wodini? Ni kweli mtu anaweza kuingia kwenye tovuti ya bodi husika na kutafuta jina. Lakini aliye na mgonjwa mkononi, salio dogo na mtandao wa kusuasua hafanyi hivyo. Anabofya kile alichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Je, wajua kwamba mtaani tayari tuna mfano? Ni kile kibao cha DLDM, Duka la Dawa Muhimu. Mpango huo ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, ukaenea nchi nzima na kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi. Muuzaji hupata mafunzo, duka hukaguliwa, na Baraza la Famasi ndilo linalosajili. Anayepita barabarani hahitaji kuomba cheti cha mtu. Kibao kimeshamwambia kwamba kuna chombo cha sheria nyuma ya duka lile. Anwani ya taaluma ingefanya kazi hiyo hiyo kwenye simu.

Je, wajua kwamba wengine walishafanya hivyo bila kumsubiri mtu? Brazil ina adv.br kwa mawakili, med.br kwa madaktari, eng.br kwa wahandisi, odo.br kwa madaktari wa meno na vet.br kwa madaktari wa mifugo. Uturuki ina av.tr na dr.tr. Ufaransa ilitenga notaires.fr, avoues.fr na medecin.fr. Katika Afrika Mashariki, Rwanda imetenga coop.rw kwa vyama vya ushirika. Kenya ina matawi yanayofanana na yetu, kuanzia co.ke hadi sc.ke, na wataalamu wake nao hawakupewa chao.

Gharama je? Kuomba kikoa kipya kabisa, mithili ya .pro, ni mzigo. Mwaka 2012 ada ya maombi ICANN ilikuwa dola 185,000. Maombi 1,930 yaliwasilishwa duniani kote, na Afrika yetu ilitoa 17 tu. Kwa awamu mpya iliyopangwa kufunguliwa Aprili 2026, ada iliwekwa kuwa dola 227,000, zaidi ya shilingi milioni 500, ingawa waombaji wenye uwezo mdogo waliweza kuomba kupunguziwa. Tanzania haina haja ya kuingia huko. Tawi jipya chini ya .tz halihitaji ruhusa ya ICANN. tzNIC iliundwa mwaka 2006 na Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na umoja wa watoa huduma za intaneti ili kuendesha rajisi, yaani daftari kuu la majina ya .tz. Uamuzi wa kufungua daktari.tz au wakili.tz ni wetu wenyewe.

Je, wajua jinsi jina linavyozimwa? Kila anwani ya .tz imeandikwa kwenye faili la rajisi linaloelekeza simu yako ipeleke ombi kwenye kompyuta gani. Mstari wa jina hilo ukiondolewa, tovuti haipatikani tena kwa jina lile, mara nyingi ndani ya saa chache, kadiri kumbukumbu za zamani zinavyokwisha kwenye mitandao. Hapo ndipo ninapoona nguvu ya pendekezo hili. Baraza likimsimamisha mtu leo, taarifa ikienda rajisi leo, kesho anwani yake imezimika. Cheti cha karatasi kilichotundikwa ukutani kinaweza kuendelea kuning'inia miaka.

Pingamizi zipo, na si za kupuuzwa. Muuguzi wa zahanati atatengeneza tovuti ya nini? Jibu langu: ukurasa mmoja unamtosha, wenye jina, namba ya usajili na tarehe leseni inapoisha, uliotolewa na baraza lenyewe pamoja na leseni bila kumtoza ada ya pili. Kumtoza ndiko kungerudisha yale yale ya .pro. Anwani ya nyumbani na simu binafsi zisiwekwe bila ridhaa yake. Na baraza lisilohuisha orodha yake kwa wakati lisipewe tawi mpaka litakapoweza, kwa sababu anwani inayomwonyesha aliyefutwa kuwa bado halali ni hatari kuliko kutokuwa na anwani.

Kuna suala ambalo mkoa wa Mara hauwezi kulikwepa. Je, wajua kwamba waganga wa tiba asili nao wana sheria yao, Na. 23 ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalowasajili? Huko Mugango kama kwingineko, wapo wanaoanzia kwa mganga kabla ya kwenda hospitali ya rufaa Musoma. Aliyesajiliwa kisheria ana haki ya kutambulika mtandaoni kama mwingine yeyote, na atakayempata kwa simu ana haki ya kujua amempata nani. Ningewapa tawi lao lenye jina lao, mbali na la madaktari, ili msomaji aone palepale ni baraza lipi linalosimama nyuma ya jina lile na apeleke malalamiko yake wapi.