Simu ya Bei ya Jioni

Wasee wengi mtaani hudhani mwenye kesi ni yule alipiga mtu ngeta. Wewe ulibuy tu fon, ukatoa doh yako, so uko fiti. Zii. Kifungu cha 322 cha sheria za jinai Kenya kinadaka pia mwenye amepokea, na kinaweza kukutupa ndani hadi miaka 14. Korti inataka kujua kama ulijua ni mali ya wizi, ama ulikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Hapo ndio bei inakuchoma. Fon ya thao thelathini umeuziwa thao nne, usiku, steji, bila boksi wala risiti, na unataka hakimu aamini ulidhani jamaa ana roho safi?

Ngori inazidi kama iliibiwa juzi tu. Ukipatikana na kitu ya mtu iliibiwa hivi karibuni na hauna maelezo ya kushika, korti inaweza sema wewe ndio uliiba. Ndio maana unaskia mtoi wa campo amesomewa wizi wa mabavu, alafu kupokea mali ya wizi inafuata kama shtaka mbadala. Na wizi wa mabavu, kwa vitabu, bado ni kifo.

Kwa stesheni unatoa mshipi na kamba za viatu, unabaki umeshikilia trao na mkono moja. Kuna karao atakuja poa, karibu akununulie chai: "Kijana, sema tu ukweli uende home." Msee, nyamaza. Katiba, kifungu cha 49, inakuruhusu kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa korti ndani ya masaa 24. Ukidakwa Ijumaa jioni, hiyo inasongeshwa hadi Jumatatu, na makarao wanajua kalenda vizuri sana. Bondi ya polisi hailipiwi. Wakiitisha dhamana ya doh, dai risiti, juu hiyo ganji inarudi kesi ikiisha kama haujaruka korti. Ile mesej ya M-Pesa ulimtumia muuzaji usiifute, iko na jina na saa.

Kizimbani karani anasoma shtaka: kweli ama si kweli? First timer, amechoka, hajaoga, mathe analia huko nyuma, anajibu "kweli" ndio iishe. Mi naona hilo ndio jibu la bei ghali kuliko yote. Sawa, kosa la kwanza, hakimu anaweza kukuachilia kwa masharti ama akupee probation. Lakini alama za vidole ziko DCI, na siku unaitishwa good conduct ya job ya usekiu ama visa ya Qatar, hiyo "kweli" inakungoja hapo.

Fon yenyewe inakaa na makarao kama kielelezo, kesi ikiisha inarudi kwa mwenyewe. Thao zako nne, tafuta ule jamaa wa steji.