Kompyuta ya Ofisi Ikikataa Kuwaka



Siku hizi ofisi nyingi za matawi zina kompyuta, na ndani yake mna orodha ya wanachama, hesabu za ada na barua zetu kwa waajiri. Ikikataa kuwaka asubuhi, kazi ya tawi husimama. Mtu husema "imekufa", na fedha za wanachama hutoka kununua nyingine. Hapa Namatala tumeona kompyuta iliyohukumiwa kufa na fundi mmoja, kumbe kilichoungua ni fyuzi ya plagi. Yafaa basi kila tawi lijue kutafuta ugonjwa kabla ya kumlipa mtu.

Ninyi wa viwandani na wa mashamba ya miwa mnaijua njia hii tayari. Mota ikisimama hamwendi kuifungua mota kwanza; mnatazama swichi kubwa, kisha fyuzi, kisha waya. Kompyuta ni vivyo hivyo. Umeme huanza ukutani, na sisi tuanze ukutani.

Tazama mita. Kama ni ile ya kulipia kabla, Yaka, huenda yuniti zimekwisha. Kama zipo, chomeka chaja ya simu katika soketi ileile ya kompyuta. Simu ikikataa kupokea moto, soketi ndiyo mbovu. Ikiwa kompyuta imepitia kwenye lile sanduku la betri la kulinda umeme, iondoe huko uichomeke ukutani moja kwa moja, kwa sababu betri ya sanduku hilo ikichoka huweza kuzuia kila kitu.

Sasa kebo. Mara nyingi kebo ya skrini na ya kompyuta ni za namna moja, basi zibadilishane. Kompyuta ikiwaka kwa kebo ya skrini, ugonjwa umepatikana. Fungua plagi ya kebo mbovu, kwa kuwa plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi ndani. Weka fyuzi mpya ya ampea zilezile. Wapo ndugu wanaozungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya sigara. Hao wanaalika moto ofisini, nasi hatutaki kuona jambo hilo katika tawi lolote.

Nyuma ya kompyuta, panapoingia kebo, mara nyingi pana swichi ndogo. Mfagiaji akiigusa kwa kitambaa, kompyuta imezimika. Kwenye kompyuta za zamani pana na swichi nyingine nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Hii ni ya kuogopwa. Kompyuta nyingi zilizotumika huletwa kutoka nchi za nje, na Marekani umeme wao ni volti 120 hivi. Wetu ni 240. Swichi ikiachwa kwenye 115 ukachomeka ukutani, utasikia mlio na kuona moshi. Itazameni kabla ya kuchomeka kompyuta yoyote mliyopewa msaada.

Ikiwa yote hayo ni mazima, chomoa kebo, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika, ngoja kidogo, kisha chomeka tena. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, au radi ikipiga upande wa Mlima Elgon, sanduku la umeme lililo ndani ya kompyuta huweza kujifunga ili lijikinge. Njia hii hulifungua mara nyingine.

Lakini kama feni inazunguka na skrini ni nyeusi, huo ni ugonjwa mwingine. Umeme unafika. Tafuta kwenye kebo ya skrini, au kwenye vipande vya kumbukumbu vilivyolegea.

Isipowaka kabisa, basi huenda sanduku la umeme limeungua. Linabadilishwa lote bila kununua kompyuta nyingine, ila baadhi ya Dell na HP zina plagi za kwao wenyewe, kwa hiyo fundi alipime kwanza. Asilifungue mtu wetu yeyote, maana hubaki na umeme ndani hata likiwa limechomolewa.

Na hapa ndipo penye jambo kubwa. Majina ya wanachama hayamo katika sanduku la umeme. Yamo kwenye diski, na mara nyingi diski hubaki nzima hata sanduku likiungua. Fundi aitoe diski mbele yenu kabla kompyuta haijatoka ofisini. Wapo waajiri wangependa sana kuyasoma majina hayo, na duka la fundi halina mlango wa siri. Diski ifungiwe katika sanduku la fedha, katibu na mweka hazina watie sahihi, na kompyuta iende kwa fundi ikiwa tupu.

Na lile daftari la wanachama la karatasi liendelee kuandikwa kila mwezi, kompyuta iwe inawaka au haiwaki.