Uzito Umeuweka Wapi?

Ukisafiri kwenda Pemba kwa ndege ndogo, mizigo yako hupimwa, pengine nawe pia, kisha unaonyeshwa pa kukaa. Usiudhike. Rubani haangalii jumla ya kilo tu. Anaangalia uzito umeelemea wapi. Ukizidi mbele, ndege huwa nzito kuinua pua. Ukizidi nyuma ni hatari zaidi: mkia huelemewa, ndege isitawalike. Mara nyingine dawa si kushusha mzigo, bali kuusogeza.

Katika Mathayo 6:33 Yesu hakukataza chakula wala mavazi. Alifundisha kipi kitangulie. Ada za watoto, kazi, marejesho ya mkopo: yote ni mizigo halali. Juma hili, kabla hujalalamika kwamba umeelemewa, tazama kwanza umeanza na nini.