Mgongo umepinda, vidole havijapinda

Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Neno hilo hunijia kila niisikilizapo santuri iitwayo The Other Side of Mars, ya mpiga gitaa wa Kimarekani, Mick Mars. Ilitolewa Februari 23, 2024, mwenyewe akiwa na umri wa miaka 72, na hiyo ndiyo ya kwanza kuitoa kwa jina lake peke yake.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Robert Deal. Mwaka 1981, mjini Los Angeles, alijiunga na vijana watatu, Nikki Sixx, Tommy Lee na Vince Neil, wakaunda bendi ya Mötley Crüe. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Muziki wao ulikuwa roki nzito yenye kishindo, na mwaka 1989 santuri yao ya Dr. Feelgood ilishika nafasi ya kwanza katika mauzo ya Marekani. Lakini kweli isemwe: ulevi, dawa za kulevya na vurugu viliandamana na sifa zao, na hapana mzazi wa huku kwetu ambaye angependa mwanawe awaige.

Leo, hata hivyo, sizungumzii mienendo ya bendi. Nazungumzia mtu na kazi ya mikono yake.

Tangu ujanani Mars anaugua aina ya baridi yabisi inayoshika uti wa mgongo. Maradhi hayo huvimbisha viungo vilivyo baina ya pingili, na kadiri miaka ipitavyo pingili huweza kushikana zikawa kama mfupa mmoja. Mgonjwa hukakamaa, shingo ikawa nzito kugeuka, na mgongo ukainama. Mwaka 2004 alibadilishwa nyonga, na mwaka uliofuata akarudi jukwaani. Mwenye kumwona amesimama tuli, ameliinamia gitaa lake huku wenzake wakirukaruka, angeweza kudhani ni maringo; kumbe ni maradhi. Oktoba 2022 alitangaza kwamba hataweza tena safari za maonyesho. Mwaka 2023 yeye na wenzake wakafikishana mahakamani juu ya haki zake katika bendi.

Hapo ndipo lilipo swali. Baharia aliyetumikia chombo kimoja kwa miaka 40 na ushei, akishuka pwani peke yake, analo lake la kusema?

Mimi naona analo. Santuri ina nyimbo 10. Mars hakujitia kuimba. Uimbaji kwa sehemu kubwa amemwachia Jacob Bunton, ngoma zikapigwa na Ray Luzier wa bendi ya Korn. Kazi ya kurekodi ilisimamiwa na Michael Wagener, fundi wa Kijerumani aliyefanya kazi na bendi yao katika santuri ya kwanza. Wimbo wa Loyal to the Lie unafungua mlango kwa kishindo. Memories unatuliza moyo. Na LA Noir unafunga kwa ala tupu, bila maneno. Huo wa mwisho ndio niupendao zaidi, kwa kuwa hapo gitaa linazungumza lenyewe. Kasoro ninayoiona ni kwamba katika nyimbo kadhaa sauti ya mwimbaji inamfunika mwenye santuri.

Hata msomaji asiyeipenda roki anaweza kuokota jambo hapa. Huku kwetu, mzee wa taarab akishashindwa kukesha harusini, mara nyingi huhesabiwa kuwa kazi yake imekwisha. Lakini kushindwa kusafiri na kukesha si kushindwa kupiga. Mwenye mzee wa udi au wa gambusi nyumbani kwake, na amwekee kinasa sauti mbele yake angali hai, amwache apige atakavyo.