Alamu ya Pikipiki: Yafaa au Haifai?

Mwenye bodaboda ikiibwa, unga wake umemwagika. Je, alamu itamfaa? Nionavyo mimi, inategemea pikipiki yalala wapi na mwenyewe alala wapi.

Alamu hutumia betri ya pikipiki, ya volti 12. Ndani mna kidude kinachohisi mtikisiko. Pikipiki ikisukumwa, king'ora hulia. Kazi yake hasa ni kuita watu. Gurudumu haifungi, mwizi haimkamati. Kule Faza, pikipiki ikilala ubavuni mwa nyumba, mwenyewe ataamka, na mtaa mzima pia! Lakini anayeiacha Mokowe jetini akavuka kwa boti kuja Amu, sauti hiyo haivuki maji. Na walioko pale, wakishaamshwa mara mbili na punda aliyejikuna, mara ya tatu nani atainuka? Tena alamu hunyonya betri kidogo kidogo, na hewa ya chumvi hula nyaya. Ukikaa Amu siku nyingi, waweza kurudi ukapiga kiki mpaka jasho likutoke.

Basi wa Mokowe anunue kwanza mnyororo mnene na kufuli, aifunge nguzoni, amlipe mlinzi. Wa Faza, akibakiwa na hela, haya, naafunge alamu.