Huyo Si Buibui

Usiku mmoja mjini Garissa wanafunzi wangu walipanda juu ya madawati wakipiga mayowe, chemli ikaanguka, nusura tuungue. Kisa na maana? Mdudu wa rangi ya mchanga, mwenye malaika mwilini, aliyepita mbio sakafuni. "Buibui wa sumu!" walilia.

Mpenzi msomaji, hesabu kwanza. Buibui ana miguu minane na kiuno chembamba, tena hutoa uzi. Huyu, anayejulikana kote Garissa, Wajir na Mandera, huonekana ana miguu kumi, maana jozi ya mbele ni ya kupapasia. Tumbo lake lina pingili. Uzi hana, sumu hana. Taya zake, nakiri, hubana vikali. Huifuata taa kwa kuwa ndiko waliko wadudu anaowala.

Buibui wa kweli tunaishi nao: yule bapa aliyejibandika ukutani, yule wa miguu kama nywele kwenye pembe za dari, na kale karukaji kenye macho makubwa. Sijaona aliyelazwa hospitalini kwa ajili yao.

Asubuhi yake, mmoja wa mashujaa waliomponda mdudu wetu alivaa viatu bila kuvikung'uta. Ndani mlikuwa na nge.